Ziba Matundu ya Darini Kabla Hujaongeza Pamba

Msimu wetu wa kwanza wa baridi katika nyumba tuliyonunua Minneapolis, mke wangu alikuwa akisokota khanga kuukuu na kuilaza chini ya mlango wa mbele kila jioni. Upepo uliendelea kuingia. Bili ya gesi ikija tunaitazama kwa zamu, hakuna anayetaka kuanza kuisema.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikanunua marobota ya pamba ya glasi, ile ya kuzuia joto lisitoke, nikapanda darini nikatandika juu ya ile iliyokuwepo. Mwaka uliofuata barafu zikaning'inia ukingoni mwa paa vilevile, dalili kwamba joto bado linapenya darini na kuyeyusha theluji. Fundi niliyemwita akainua kipande cha pamba ya zamani, akakipindua. Chini kilikuwa cheusi kama masizi. Mimi nikadhani ni panya. Kumbe ni vumbi la humo humo ndani, limechujwa na hewa iliyokuwa ikipenya hapo miaka nenda rudi.

Pamba ya glasi ni chandarua: mbu hapiti, upepo unapita. Ili ifanye kazi, lazima kwanza uzibe njia za hewa, halafu ndiyo uitandike. Nasi tulikuwa tunahangaika na upande usio wenyewe. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na ikitoka inavuta ya baridi kutoka chini. Khanga ililinda mlango wa kuingilia, huku wa kutokea uko wazi darini.

Kwa hiyo anza juu. Subiri siku ya upepo na baridi, washa kijiti cha udi, kisogeze taratibu kwenye kifuniko cha kupandia darini, kwenye taa za dari, kwenye soketi za kuta za nje. Moshi ukilala au ukinyonywa, hapo pana tundu. Ukishapanda, kanyaga boriti tu. Ukikanyaga kati ya boriti na boriti, mguu utatokea chumbani kwa watoto. Ukikuta kokoto nyepesi zinazometameta za rangi ya kijivu au kahawia, shuka, usizichokoe. Hiyo ni vamikulaiti, madini ya kuzuia joto, na nyingi katika nyumba za zamani Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, ambako ilichanganyika na asbesto, nyuzi za mawe zinazoleta saratani ukizivuta.

Sogeza pamba, tafuta nyaya zinapozama ukutani na mabomba yanapopita. Kwangu, fundi bomba wa enzi hizo alikata tundu la ukubwa wa sahani kwa ajili ya bomba la ukubwa wa kikombe. Hapo ndipo povu la kopo, lile la poliyurethani, linapofaa. Kwa nyufa zisizozidi milimita 6, silikoni ya kuzibia inatosha. Zaidi ya hapo tumia povu. Tikisa kopo vizuri, vaa glavu na miwani, nyunyizia maji kidogo kwa sababu povu hili hukauka kwa unyevu, kisha jaza nusu ya tundu tu. Litavimba lenyewe. Likikuganda mkononi hakuna sabuni itakayolitoa. Utakwenda nalo kazini siku kadhaa kama mimi. Tundu kubwa kama langu, kata kwanza ubao wa povu gumu uufunike, kisha piga povu pembezoni.

Dohani usiiguse na povu, linaungua. Kuizunguka weka bati na silikoni ya kuhimili moto. Taa zilizozama darini nazo nyingi za zamani hazitakiwi kufunikwa. Muulize fundi umeme.

Ukimaliza juu, shuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Pale boriti zinapokalia ukuta wa msingi, kata vipande vya ubao wa povu, vichomeke kati ya boriti, ziba kingo. Kwa madirisha nunua kopo lililoandikwa kuwa ni la madirisha, linalovimba kidogo. Nilitumia la kawaida, na dirisha la jikoni halikufunguka mpaka kiangazi.

Kuna povu jingine la kupuliza, la mafundi wenye gari na mipira mirefu. Lenye vinyweleo wazi hutoa takriban R-3.7 kwa inchi (R ni kipimo cha kuzuia joto, ikiwa kubwa ndiyo bora), lile lenye vinyweleo vilivyofungwa R-6 hivi, na hilo la pili huzuia hata unyevu. Ni zuri, ni ghali, na likipulizwa vibaya linanuka na kulitoa ni balaa. Moja ya kemikali zake ni aisosayaneti, inayoweza kumwachia mtu pumu, hivyo familia ihame wakati wa kupuliza na isirudi mpaka muda uliowekwa na watengenezaji upite, mara nyingi saa 24. Walioko Uingereza wawe macho zaidi: baadhi ya wakopeshaji wa fedha za kununulia nyumba huko wanakataa nyumba zenye povu lililopulizwa chini ya vigae, kwa kuwa linaweza kuficha mbao zinazooza. Anayekugongea mlango na ofa ya leo leo, mfungie.

Nyumba ikishazibwa, tabia zetu nazo zibadilike. Makaa ya chetezo yaliyokuwa hayana neno Mombasa, kwenye nyumba iliyobana hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Fukizia nje, au utumie chetezo cha umeme. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa. Weka kengele ya gesi hiyo kila ghorofa, na fundi apime kama tanuri la gesi la kupashia nyumba joto linatoa moshi wake nje vizuri. Ukipika pilau washa feni, maana mvuke usio na pa kutokea utaishia kuwa ukungu kwenye madirisha.

Mpangaji pia ana njia. Weatherization Assistance Program ya Wizara ya Nishati ya Marekani, iliyoanza 1976, huwafanyia kazi hii bure wenye kipato cha chini, na waliopanga pia, mradi mwenye nyumba akubali. Hufunga feni kubwa kwenye mlango mmoja wa nje, hushusha shinikizo la hewa ya ndani kwa paskali 50, na kusoma ni kiasi gani kinavuja. Kwetu, feni ilipowashwa kabla ya kazi, khanga ya mlango wa mbele ilisukumwa mpaka katikati ya sebule. Waombe wapime tena wakimaliza, na wakuachie namba zote mbili kwa maandishi.