Mayai 900 na mteremko wa Riat: namna ninavyoendesha pikipiki kwenye mvua

Mimi hubeba mayai. Nayatoa kwa wafugaji wa Mbale, Vihiga, na kuyashusha soko la Kibuye, Kisumu. Treyi 30 nyuma ya pikipiki yangu ya Boxer ni mayai 900, zaidi ya kilo 50. Ukiishtua pikipiki hata kidogo, mzigo huo unakusema papo hapo, na masikio yako yanasikia. Kwa hiyo haya ninayokueleza juu ya mvua nilifundishwa na mayai.

Kwanza, mvua ya kwetu ina saa zake. Jua likichoma tangu asubuhi, upepo wa ziwa hupanda bara na kukutana na ule utokao mashariki. Mawingu hujikusanya juu ya milima ya Nandi, na alasiri yanateremka kuja ziwani. Ikifika saa saba mimi natazama Nandi. Nikiona kumeingia rangi ya sufuria iliyoungua, mzigo unaondoka sasa hivi au unalala Mbale. Tajiri akipiga simu namwambia yai la kesho bado ni yai.

Ikinikuta njiani na ni ya radi, sina mjadala, naingia kituo cha mafuta au baraza la duka. Chini ya mti siendi. Kuna wanaoamini matairi ya mpira yanazuia radi. Aliye ndani ya gari anakingwa na bodi la chuma linalomzunguka, na wewe juu ya pikipiki huna bodi.

Kama haina radi, bado nasubiri kama robo saa, hasa siku ambazo hakujanyesha muda mrefu. Malori yamedondosha oili na dizeli kiangazi kizima. Matone ya kwanza yanaiinua tu hiyo oili ielee juu, hayaiondoi. Mvua ikishapiga kwa nguvu na mitaro ikatiririka, lami inashika afadhali. Wengi hufanya kinyume: hukimbia matone ya kwanza ili wafike kabla hawajalowa, na hapo ndipo wanapoanguka.

Nami nilianguka hivyo. Nilikuwa nateremka kilima cha Riat kuelekea Mamboleo, karibu na Kisumu, manyunyu ndiyo yameanza, mama mmoja akaingia kwenye kivuko na mtoto mgongoni. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likajifunga juu ya rangi nyeupe ya kivuko, mkia ukaenda upande, nikalala. Yule mama alifika ng'ambo salama, akageuka akasema, "Pole, baba." Kabla sijasimama watu walishafika na masufuria. Waliokota mazima, wakachota na yaliyopasuka.

Kosa langu lilikuwa kuogopa breki ya mbele. Stejini tunaambiana eti itakupindua kichwa chini. Itakupindua ukiidaka ghafla, au ukiikamata huku umelala kwenye kona. Sasa nafanya hivi: naachia mafuta mapema, nashusha giya moja moja, klachi naiachia taratibu ili injini ipunguze mwendo yenyewe. Halafu vidole viwili kwenye breki ya mbele, nakaza polepole kama mtu anayekamua ng'ombe mwoga, na mguu wa kulia unasaidia kidogo tu. Yote hayo pikipiki ikiwa wima, kabla ya kona. Jifunze uwanjani, nyasi zikiwa na maji, bila mzigo wala abiria, mwendo wa mtu anayetembea.

Nafasi pia. Gari la mbele likipita nguzo ya stima, hesabu pole pole moja mpaka nne. Ukiifikia nguzo kabla ya nne, uko karibu mno. Rangi za barabarani, vifuniko vya chuma, maganda ya miwa yaliyodondoka kwenye trela: pita juu yake wima, bila breki, bila kuongeza mafuta.

Maji yaliyosimama usiyaamini. Nimeona shimo la kumeza gurudumu likijifanya kidimbwi cha bata. Kama gari halijapita mbele yangu nikaona kina, nazunguka. Maji yanayokimbia barabarani, kama yale ya upande wa Ahero mto Nyando ukifurika, sivuki hata ikiwa ni ya kifundo, kwa sababu hujui kama barabara bado iko chini yake. Ukitoka kwenye dimbwi, breki za ngoma zinakuwa zimelowa na hazishiki. Zibonyeze kidogo huku ukiendelea kwenda mpaka zipate joto.

Kwenye udongo mwekundu wa vijijini Maragoli sheria zinageuka. Breki ya mbele naisahau, natumia giya ya pili na mafuta yasiyopandashuka, macho mbali, gambuti tayari kukanyaga. Tope jeusi la tambarare za Kano ni jambo jingine. Linajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na dawa yake ni kijiti na subira.

Matairi yasipunguzwe upepo kwa ajili ya lami yenye maji; tairi likilegea, mifereji yake inafinyana na maji yanakosa pa kutokea. Likiwa kipara, hakuna ujuzi utakaokuokoa.

Kuvaa: suruali na koti la mvua, si lile shuka refu linalotafuta cheni. Kioo cha helmeti nakipaka tone la sabuni ya vyombo kwa ndani na kukifuta kwa kitambaa kikavu, hakishiki ukungu. Simu inakaa ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017.

Nikirudi Mbale hubeba abiria, na hapo kuna vita vya mwavuli. "Mama, tafadhali ufunge." "Nitalowa, kijana wangu." "Utalowa, mama, lakini tutafika." Upepo wa Kiboswa ukiingia ndani ya mwavuli unatuvuta sote pembeni, kwenye njia ya malori. Nina koti la pili kwa ajili hiyo. Akikataa, tunasubiri barazani pamoja, nauli ni ile ile.

Jioni napaka cheni oili, maana mvua imeiosha. Kisha nahesabu treyi. Zile za karatasi zikilowa hulainika na kuachia katikati, kwa hiyo nimezihamia za plastiki, isipokuwa mbili tatu ambazo wafugaji hunisukumia. Siku hizo nyumbani tunakula mayai.