Kabla hujaenda Kazimierz Dolny soma hii kwanza

Wenzetu mnaokuja Polandi kusoma, najua wikendi mnataka kwenda Kazimierz Dolny, na mnastahili maana ni kamji kazuri mno, watu hata elfu 3 hawafiki, pembeni ya mto Wisła mkoa wa Lublin. Ila jiandaeni jamani.

Beba keshi kidogo. Beba chaja. Treni haifiki mjini, unashukia Puławy afu unadaka basi, so angalia basi la mwisho la kurudi kabla hata hujakaa kula.

Viatu viwe vya meno. Udongo wa kule unaitwa lesi, vumbi laini lililoletwa na upepo enzi za barafu, maji yameukata mpaka pakatokea makorongo membamba kama vichochoro, na pale Korzeniowy Dół mizizi ya miti inaning'inia ukutani juu ya kichwa chako. Mvua ikinyesha panateleza kama sabuni.

Sasa kubwa kuliko yote: shika jina LOTE. Mimi rafiki yangu aliniambia tu "tukutane Kazimierz, sokoni, pale kisimani". Nikagugo harakaharaka, nikaona Kazimierz ya Kraków, mtaa wa jiji lingine kabisa, nikakata tiketi kutoka Warszawa nikaenda. Nimezunguka kule saa nzima naulizia kisima chenye paa la mbao, simu inakata, mpaka bibi mmoja akanivuta pembeni, akatoa risiti ya duka kwenye pochi akachora mto kwa nyuma, akaweka nukta juu na nyingine chini, akagonga ile ya chini kwa kidole: "Dolny! Dolny!" Mwenzangu alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kurudi kwao moja kwa moja. Hatukuonana, na mpaka leo inaniuma.

Dolny maana yake ya chini. Kraków iko upande wa juu wa mto huohuo, unakotokea maji, na Kazimierz yake ilianzishwa 1335, ndo maana hii nyingine ikaongezewa jina ili zisichanganywe. Na huko chini ndiko utajiri ulikotokea, karne ya 16 na 17 nafaka ilishushwa kwa maji mpaka bandari ya Gdańsk, maghala ya mawe bado yapo, na nyumba za ndugu wawili wa ukoo wa Przybyła pale sokoni, za 1615, zimejaa michongo mbele nzima.

Ukifika Czerniawy, penye makaburi ya Wayahudi, zima muziki. Kabla ya vita karibu nusu ya mji walikuwa Wayahudi, Wanazi wakawaondoa 1942 wakaenda kuwaua, mawe ya makaburi yao wakayatandika chini kama sakafu. Vipande vilivyookolewa vimejengewa ukuta mmoja mrefu wenye ufa katikati toka juu mpaka chini. Usipige selfi pale tafadhali.

Wisła usiogelee, maji yanaonekana yametulia ila mkondo una nguvu. Makorongoni usiingie peke yako giza likianza, koti beba hata kama asubuhi kulikuwa na jua, na mwambie mtu unakoenda, kwa jina lote.