Hukumu ya matunzo unayo, pesa haiji: njia ya kufuata hapa Lubumbashi

Ba mama na ba dada, jambo kwenu wote. Somo la leo nimelichelewesha, lakini juma hili wanawake watatu wameniuliza neno lile lile: "Tribunali ilinipa haki, mbona baba ya watoto halipi?" Nimeona bora niandike yote mahali pamoja.

Mimi mwenyewe nilikaa na hukumu miezi 14 ndani ya sanduku, kwenye bahasha ya kaki, chini ya vitenge. Hakimu alikuwa amesema dola 80 kwa mwezi kwa watoto wawili. Nilidhani akishasema hakimu, baba atatii. Hakutoa hata franka moja. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa rudi kesho, rudi Jumatatu, mpaka nikachoka na nauli ikaisha. Siku moja mama mmoja aliyewahi kuwa karani akaniuliza, "Grosi yako iko wapi?" Nikabaki kumtazama. Sikujua grosi ni kitu gani. Wakati huo deni lilikuwa limefika dola 1,120, na mtoto wangu mkubwa alikuwa amefukuzwa shuleni mara mbili.

Nitafika kwenye grosi. Tuanze mwanzo, kwa sababu wengine hapa bado hawajafika tribunalini.

Mtoto awe na baba kwenye karatasi

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema wazi: kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Aliyezaliwa nje ya ndoa, baba anatakiwa kumtambua kwa eta sivil (ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa) ya komini (manispaa) ndani ya miezi 12. Miezi hiyo ikipita mlango haufungwi, bado anaweza kumtambua.

Akikataa, unafungua kesi ya kutafuta ubaba mbele ya tribunali ya watoto, ile iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Ushahidi wa kila aina unapokelewa: ujumbe wa simu, pesa alizokuwa anakutumia, karatasi ya maternite (hospitali ya uzazi) yenye jina lake, picha za siku ya kumpa mtoto jina, majirani waliomwona akikaa kwako. Msifute ujumbe kwa hasira. Nimeona wanawake wakifuta kila kitu usiku mmoja wa machozi, na asubuhi hawana cha kumwonyesha hakimu.

Makubaliano bila tribunali

Wengi tunaanza na wajomba, parokia, au ofisi ya mambo ya jamii, ile tunayoiita Divas. Sawa kabisa, na mara nyingine inatosha. Ila jueni hivi: karatasi mliyosaini mbele ya wajomba haiwezi kumkata mtu mshahara. Makubaliano yenye nguvu ni yale yaliyoandikwa mbele ya hakimu, yakasainiwa na hakimu na ninyi wawili. Hayo sheria inayahesabu sawa na hukumu. Kwa hiyo baba akiwa na moyo wa kukubali, usimwache arudi nyumbani na ahadi tu. Mpelekeni hakimu makubaliano yenu ayaweke kwenye maandishi.

Kesi yenyewe

Mambo ya familia yanapelekwa tribunali ya amani (Tripaix). Kama huna pesa za kufungua kesi, omba cheti cha umaskini, kisha umwombe mkuu wa tribunali akusamehe gharama. Kwa upande wa avoka (wakili), kila baro (chama cha maavoka) ina ofisi ya ushauri wa bure inayoweza kukupa avoka bila malipo. Usione haya. Ofisi hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Baba anaitwa na wisie, yaani afisa anayepeleka karatasi za tribunali. Kati ya kuitwa na siku ya kesi zinapita siku 8 kamili, na siku moja inaongezeka kwa kila kilomita 100. Aliye Kolwezi, weka kama siku tatu zaidi.

Hakimu hupima vitu viwili: mahitaji ya mtoto na uwezo wa anayelipa. Hapo ndipo wengi tunaangukia. Tunafika na uchungu mwingi bila hesabu. Andika daftari: mfuko wa unga kwa mwezi, makaa, sabuni, kodi ya nyumba, pesa za shule, dawa ya malaria mara ngapi kwa mwaka, nauli. Ukiweza, lete risiti. Upande wa baba, lete kila kinachoonyesha kipato chake: jina la kampani, kiwanja, gari, duka.

Katika maombi yako hakikisha mambo mawili yameandikwa. La kwanza, pesa ihesabiwe kuanzia tarehe gani. La pili, na hili avoka wangu alilisahau: omba hukumu itekelezwe hata kama baba atakata rufaa. Bila neno hilo, rufaa yake inasimamisha kila kitu, na wewe unaendelea kukopa unga.

Kama bado mmefunga ndoa na yeye ameacha tu kuleta chakula, si lazima usubiri talaka. Sheria inaruhusu hakimu wa tribunali ya amani akupe idhini ya kupokea wewe mwenyewe sehemu ya mapato ya mume. Wanawake wengi wa hapa hawaijui njia hii, nami nasikitika, kwa sababu ingewaokoa wengi.

Sasa grosi

Hukumu ikishatoka, unakwenda grefe (ofisi ya karani wa tribunali) kuomba nakala yenye nguvu ya kutekelezwa. Hiyo ndiyo grosi. Utaitambua kwa maneno yake: ni kwa jina la Rais wa Jamhuri, inaamuru mawisie wote waitekeleze na wenye nguvu za serikali wawasaidie. Nakala ya kawaida haina maneno hayo. Mimi nilikuwa na nakala ya kawaida. Nilikuwa nalinda karatasi isiyoweza kumfanya mtu lolote.

Grosi hutolewa moja. Ukiipoteza, kupata ya pili ni kibarua kingine. Piga fotokopi kadhaa, na ile yenyewe usimwachie mtu bila yeye kusaini kwamba ameipokea.

Kisha wisie anampelekea baba hukumu rasmi. Kuanzia hapo siku zinahesabiwa: siku 15 za kupinga kama alihukumiwa hayupo, siku 30 za kukata rufaa. Zikipita kimya, rudi grefe, omba cheti kwamba hakuna upinzani wala rufaa. Sasa una karatasi mbili za kushika mkononi.

Baada ya hapo ni kujua pesa yake inapita wapi. Kongo iliingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) mwaka 2012, na kanuni za OHADA za kudai madeni zina mlango wa pekee kwa ajili ya matunzo. Mwenye grosi anaweza, kupitia wisie, kukamata mshahara wa baba kwa njia nyepesi: wisie anampelekea mwajiri ombi kwa maandishi na kumjulisha baba kwa barua. Ni sawa mwajiri awe kampani au serikali. Mwalimu, polisi, mfanyakazi wa machimbo, wote wamo. Na deni la chakula cha mtoto, la mwezi wa mwisho uliopita na la miezi inayokuja, linatangulia madeni mengine yote. Kama baba anadaiwa benki na duka la friji, mtoto wako anakula kwanza.

Mwajiri anakata na kukulipa wewe moja kwa moja, nawe unasaini kupokea. Hapo baba hana tena la kukuambia "nimesahau" au "mwezi huu ni mgumu".

Kiasi gani? Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaruhusu kukata hadi sehemu mbili za tano za mshahara kwa ajili ya matunzo. Anayepokea dola 500, haiwezi kuvuka 200. Hicho ni kipimo cha juu. Kinachokatwa ni kile hakimu alichoandika.

Kwangu mimi, baada ya wisie kufika kwa mwajiri, mwezi wa pili nilipokea dola 80. Nilikwenda soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, nikanunua mfuko wa unga mzima, si kwa kipimo cha bakuli. Siku hiyo watoto walikula bukari (ugali) na samaki, nikakaa nawatazama.

Maswali ya wanachama

Mama wa Katuba: Yaya, baba ya batoto eko Kolwezi, anatumika kwa kampani ya kuchimba. Miye niko huku. Nitamufikia namna gani?

Jibu: Mama, hukumu ya Lubumbashi ina nguvu nchi nzima. Unampa kazi wisie wa Kolwezi, si lazima upande basi. Kabla ya yote hakikisha jina la mwajiri wa kweli. Machimboni wengi wanavaa kofia ya kampani kubwa lakini wanalipwa na kampani ndogo iliyo chini yake. Ukipeleka karatasi kwa kampani kubwa, watakujibu hawamjui, na umepoteza wiki tatu. Tafuta karatasi moja ya mshahara, hata ya zamani. Humo jina la mwajiri limeandikwa.

Dada wa Ruashi: Wangu hana mwajiri. Anauza vipande vya gari, na pesa yote iko kwenye simu na mfukoni.

Jibu: Hao ndio wagumu, sitakudanganya. Kama ana akaunti ya benki, wisie anaweza kuikamata. Kama ana mali, wisie anampa amri ya kulipa, na baada ya siku 8 anaweza kukamata mali ili iuzwe: bidhaa za dukani, gari. Wafanyabiashara wengi wanalipa siku ile wisie anapoandika orodha ya bidhaa mbele ya wateja. Kazi yako ni kujua: duka liko kwa jina la nani, gari liko kwa jina la nani, stoo iko wapi. Ukimkuta kila kitu kiko kwa jina la kaka yake, mwambie avoka mapema, kabla wisie hajaenda.

Mama wa Kampemba: Polisi mmoja aliniambia nimpe pesa kidogo, atamkamata baba, atalipa usiku uleule.

Jibu: Usimpe, mama yangu. Polisi hana kazi ya kudai deni. Baba atalala selo usiku mmoja, ndugu zake watatoa pesa, hizo pesa hazitafika kwako, na kesho yake amefukuzwa kazi. Mshahara uliotaka kuukata umekufa. Pesa hiyo ndogo mlipe wisie.

Dada mmoja, hakutaja komini: Baba anasema hatalipa mpaka nimwachie watoto waje kwake likizo.

Jibu: Ni mambo mawili, kila moja na njia yake. Chakula cha mtoto hakisubiri likizo. Lakini na wewe, dada, kama hakimu ameandika kwamba baba awaone watoto, usiwafiche. Kwanza ni haki ya watoto, tena utamnyima avoka wake neno la kusema.

Baba wa Kamalondo: Mimi ndiye ninayelipa. Kampani imetufukuza tangu Machi. Nifanye nini? Nimeacha kutuma.

Jibu: Asante baba kwa kuuliza. Usiache kimya. Deni linaendelea kuhesabiwa kila mwezi kwa kiasi kile kile mpaka hakimu akibadilishe. Peleka barua ya kufukuzwa kazi tribunalini na uombe kiasi kipunguzwe kulingana na hali yako. Wakati unasubiri, tuma hata kidogo, na uweke ushahidi. Na zungumza na mama wa watoto. Wengi tunaelewa tukiambiwa ukweli.

Mama wa Kenya: Amevuka Kasumbalesa, yuko Zambia mwaka wa pili. Basi imeisha?

Jibu: Wisie wetu hana nguvu ng'ambo ya mpaka, na Zambia haimo katika OHADA. Kule lazima uanze na mahakama yao, na hiyo ni safari ndefu. Ila niambie: aliacha nini huku? Uliwahi kuniambia ana nyumba ya kupangisha. Kama ni kweli iko kwa jina lake, wapangaji wana pesa yake mikononi mwao kila mwezi. Wisie anaweza kukamata kodi hiyo, walipe deni lako badala ya kumtumia yeye. Njoo Jumamosi baada ya misa na grosi yako, na majina ya wapangaji kama unayajua. Tutaisoma pamoja kabla hujampelekea wisie.