Namna ya kupima maamuzi ya hatari ya shujaa wa filamu ya kijasusi

Simamisha filamu kabla matokeo hayajaonekana, kwa sababu uamuzi hupimwa kwa yale ambayo mhusika aliyajua alipouchukua, wala si kwa bahati iliyomfuata. Watazamaji wengi humsifu shujaa kwa kuwa tu amepona.

Tuchukue Casino Royale ya mwaka 2006, ambamo Daniel Craig aliigiza jasusi wa Uingereza, James Bond, kwa mara ya kwanza. Andika kwanza lengo la kazi: Le Chiffre, anayewatunzia magaidi fedha zao, amezipoteza na anataka kuzirudisha kwa kucheza poka, kamari ya karata, huko Montenegro; Bond ametumwa amshinde ili, akikosa pa kukimbilia, ajisalimishe kwa Waingereza na kutoa siri zake.

Kisha uliza Bond ana ushahidi gani. Amemwona Le Chiffre akigusa uso karibu na jicho anapojifanya ana karata nzuri, na baadaye, akiiona ishara ileile, anasukuma fedha zote mezani. Ishara ilikuwa mtego, na dola milioni 10 zikapotea. Kwa maoni yangu hakukosea kuhatarisha, maana kazi yenyewe ilikuwa kamari. Alikosea kutegemea dalili moja tu mbele ya mpinzani anayejua fika kwamba anatazamwa.

Uliza pia nani atalipa hasara. Vesper Lynd wa Hazina ya Uingereza anapokataa kutoa milioni 5 za nyongeza, ni rahisi kumchukia, lakini keti upande wake: Bond akishindwa tena, fedha za serikali zitawafikia magaidi. Bond anachukua kisu mezani amfuate Le Chiffre, na hapo lengo limesahaulika kabisa, kwani maiti haitoi siri. Anayemwokoa ni Felix Leiter wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, anayempa fedha za kuendelea kwa sharti kwamba Le Chiffre achukuliwe na Wamarekani.

Hatimaye tenganisha kosa la mhusika na kosa la mwandishi. Kisu kile ni uamuzi mbaya ulioandikwa vizuri, kwa sababu unalingana na tabia yake: mapema Bond huyuhuyu alimpiga risasi mtengenezaji wa mabomu ndani ya ubalozi nchini Madagaska, ilhali wakubwa wake walimtaka mtu huyo akiwa hai. Mlaumu mwandishi pale tu shujaa anapoiacha njia salama iliyo wazi bila hasira, kiburi wala amri inayomsukuma.