Usimvue viatu

Mdogo wangu Baraka hulala na viatu miguuni. Ana miaka 30, ana usonji (autism), na kwa muda mrefu nilikuwa nasubiri asinzie ndipo nimvue. Anaamka anapiga kelele, nami namwita mkaidi. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mji wetu wa Goma, Kongo, tulikimbilia Gisenyi, Rwanda. Alikuwa na miaka sita, peku. Viatu vilianzia hapo, na mimi niliyekuwepo ndiye sikukumbuka.

Kwa hiyo, ukiishi na mwenye usonji aliyepatwa na mkasa, anza na swali hili: jambo hili lilianza lini? Usonji mtu huzaliwa nao. Hauletwi na volkano, vita wala malezi. Baraka alipanga vizibo vya chupa kwa rangi kabla hajajua kusema, na akivipanga hutulia. Viache. Viatu ni vya baada ya mkasa, ukivigusa anatetemeka. Mengine hayatenganishiki kirahisi: kukwepa macho, kushtuka, kunyamaza siku nzima, yote yanaweza kutoka upande wowote. Nunua daftari, andika siku, sauti, harufu, nani alikuwepo. Daftari ndilo lililonionyesha kuwa kinachomvuruga ni harufu ya mpira unaoungua. Mimi nilidhani ni watu wengi.

Usitafute mkasa mkubwa peke yake. Naona kilichomuumiza zaidi ni chumba kimoja cha maombi, alikoitwa ndoki, yaani mchawi, akiwa na miaka tisa, watu wanne wakamkandamiza chini. Mpaka leo asiguswe bega kwa nyuma. Kelele, kushikwa kwa nguvu, fimbo za darasani kwa sababu hajibu: ndugu zake waliyapita hayo wakayasahau, yeye yamemkaa mwilini. Ukimwambia "sahau, yalipita", unajipumzisha wewe.

Siku akilipuka, punguza maneno. Ondoa watu, hasa majirani wa kuchungulia. Usimshike, isipokuwa anaelekea barabarani kwenye pikipiki. Kaa chini, pembeni, umwachie njia ya mlango. Maswali yangoje hata kesho.

Na hayo maswali, "unajisikiaje?" halisaidii. Baraka hujibu "sijui", na kweli hajui. Wengi wenye usonji hawapati jina la wanachohisi. Mimi huuliza tumbo, kifua, mikono. Yeye huniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, mikono ina sisimizi." Hapo nazima redio.

Ukimpata mwanasaikolojia, muulize kwanza kama anaujua usonji. Wa kwanza alimtaka Baraka amtazame machoni huku akisimulia; hatukurudi. Wa pili alimpa karatasi achore, na kila mara alimwambia mapema kikao kinaisha saa ngapi.

Kuhusu viatu, nilimnunulia raba za kitandani tu, mtaa wa Birere, zisizokanyaga udongo. Shuka ni safi, na sote tunalala.

Mei 2021 volkano ilirudi. Tarehe 27, mitaa mingi ilipoamriwa kuhama, nilimpa jambo mojamoja: tunafunga mlango, tunabeba bidoni (dumu), tunafuata barabara ya Sake. Akafunga, akabeba, akasimama nje akiningoja. Mimi nilikuwa bado nazungukazunguka ndani natafuta kandambili.