Namna ya Kuchagua Chuo cha Uhandisi Tanzania

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na miongoni mwa kazi zangu ni kuwasimamia wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Tofauti ninazoziona kati yao hutokana zaidi na saa walizokaa karakana na maabara kuliko jina la chuo lililoandikwa kwenye barua zao za utambulisho. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia hilo, na unamlenga hasa mhitimu wa kidato cha sita aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati).

Hatua ya kwanza: chagua fani kabla ya chuo

Hakuna chuo kimoja chenye fani zote za uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha uhandisi mwaka 1973, kina fani kongwe kama ujenzi, mitambo, umeme na kemikali. Hata hivyo, anayetaka umwagiliaji anapaswa kukitazama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) cha Morogoro, anayetaka matengenezo ya ndege aelekee Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na anayependa mitambo ya meli aangalie Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Ukianza na chuo, utajikuta umechukua fani iliyobaki na nafasi, kisha utaishi nayo kwa miaka 4.

Hatua ya pili: hakikisha kozi inakupeleka kwenye usajili

Ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) pekee haitoshi. Ili ufanye kazi ukiwa mhandisi unahitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB, ambayo kwanza humwandikisha mwenye shahada kuwa mhandisi mhitimu, na baada ya kipindi cha kazi chini ya usimamizi, ambacho kwa kawaida ni miaka 3, humruhusu aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, iulize bodi ikiwa kozi unayoitaka inatambuliwa. Soma jina la shahada neno kwa neno, kwa kuwa shahada ya teknolojia inaweza kukuweka kwenye kundi jingine la usajili hata kama masomo yake yanafanana na ya uhandisi.

Hatua ya tatu: linganisha matokeo yako na sifa za kozi

Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU hutolewa kila mwaka, nacho ndicho cha kukiamini. Kwa kawaida kozi za uhandisi hutazama Fizikia na Hisabati, na kiwango cha chini ni ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hivyo C moja na E moja zinatimiza, lakini E mbili hazitimizi. Kutimiza kiwango cha chini si kupata nafasi, kwa sababu kozi zenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu.

Njia ya stashahada isidharauliwe. Fundi sanifu anayemaliza na wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada, naye mara nyingi huingia darasani akiwa tayari anaijua mashine.

Hatua ya nne: nenda ukaione karakana

Hapa ndipo ninapowasihi wazazi watoe nauli. Vyuo vilivyotokana na vyuo vya ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ambayo wazee bado wanaiita Dar Tech, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), vina historia ya karakana, lakini historia haikerezi chuma, hivyo kaangalie hali ya leo. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi ya udahili, maswali haya: mashine ngapi za kukereza zinafanya kazi, na wanafunzi wangapi husimama mbele ya moja? Je, vipande vya zege wanavivunja wenyewe kupima uimara wake, au mtaalamu wa maabara huvunja nao wakanakili namba? Ni nani huwatafutia nafasi za mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, na je, mwalimu huwafuata huko kuwakagua? Mwanafunzi akisita kujibu swali la zege, jibu unalo.

Hatua ya tano: piga hesabu ya fedha

Ada ni sehemu tu ya gharama. Ongeza malazi, vifaa na nauli ya kwenda kwenye mafunzo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huombwa kando na chuo, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, au mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar.

Hatua ya sita: omba, kisha thibitisha

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Omba zaidi ya kimoja, ukianza na kozi unayoitaka kweli. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, utatumiwa namba maalumu ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Kwa hiyo tumia namba ya simu yako mwenyewe wakati wa kuomba, si ya mwenye kibanda cha intaneti.