Somo: Kuongoza watoto mikokoni kwa kuanzia na wanachokijua

Mara ya kwanza nilipopeleka klabu ya mazingira kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, uongozi nilimpa kijana mwenye sauti kubwa. Saa tatu asubuhi maji yanajaa, tumezama magotini kwenye tope. Ndipo msichana mmoja, kimya tangu skuli, akasema: "Mwalimu, leo mwezi ishirini na mbili. Maji mafu." Yaani siku ya ishirini na mbili tangu mwezi uandame, wakati bahari haikauki sana. Mama yake analima mwani. Alijua tangu jana, ila hakuna aliyemuuliza.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya safari. Usiulize "una kipaji gani?", utaambulia vichwa vilivyoinama. Uliza: "Nyumbani unaachiwa kazi gani peke yako?" Hapo utasikia: kupika wali wa watu kumi, kulea wadogo, kuziba pancha, kwenda na bibi kutafuta pweza. Yaandike yote, hata yale yanayokuchekesha.

Hatua ya 2: Wape tarehe waipange. Bamvua, yaani maji kujaa na kukauka kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapofika kumi na tano. Siku hizo kwetu Unguja maji hukauka mida ya saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Mtoto wa mvuvi hupiga hesabu hii kwa vidole. Mwache aieleze mbele ya wenzake, kisha wewe hakikisha kwenye jedwali la maji. Kuhakikisha si kumdharau. Roho za watu ziko mikononi mwako.

Hatua ya 3: Mpe kazi ambayo akiilegeza, wote mtaona. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunamwita mtoto "kiongozi wa furaha" halafu hana la kufanya. Mlezi wa wadogo kwangu hukaa nyuma na kuhesabu vichwa. Hatuvuki mkondo mpaka aseme idadi. Mpishi anagawa maji ya kunywa. Anayejua tope anatangulia na fimbo.

Hatua ya 4: Mkifika, punguza maneno. Nilikuwa nahutubia nusu saa juu ya mizizi. Siku hizi nauliza tu: "Nani anajua mti huu kwao unafanya nini?" Mmoja ataonesha mkoko wenye mizizi ya upinde na kutaja boriti za nyumba ya babu yake. (Boriti hizo zilipakiwa majahazini hadi Omani, hapo ndipo nami naongeza neno.) Mwingine atalamba jani la mchu, aina nyingine ya mkoko, akunje uso: chumvi! Somo la mti kutoa chumvi limeshaanza lenyewe.

Hatua ya 5: Mkirudi, sema ulichokiona. "Hongera" tupu haimwachii kitu. Mwambie: "Ulipofika penye mkondo ulihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ulipata 17."

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina mtoto anayeogopa tope, analia kabisa. Huyo nguvu yake nitaitoa wapi?*

Marahaba. Usimsukume. Wangu mmoja alibaki kwenye njia ya mbao na daftari, akachora kaa wa kila rangi waliotoka shimoni. Sisi tuliokanyaga hatukuona hata mmoja, maana tuliwatisha. Safari ya tatu alivua viatu mwenyewe.

*Kaka, mpishi si atabaki mpishi daima?*

Umenishika pabaya, nimeshalifanya kosa hilo. Sasa safari ya pili kila mtu anamfundisha mwenzake kazi yake, ya tatu wanabadilishana. Yule wa sauti kubwa alipewa kuhesabu. Alikosea, wakamcheka, akarudia.

*Sisi tuko Dodoma, bahari hatuna.*

Lakini wachunga mbuzi mnao. Waulize mbuzi aliyepotea hutafutwa vipi, kisha mkaanzie darasa lenu kwenye nyayo za korongoni, yeye akiwa mbele.